Kabla ya nyasi na pevingi, uliza maji yanaenda wapi

Viwanja vingi vya nyumba hapa Dar es Salaam hutengenezwa kinyumenyume. Nyumba ikiisha, pesa kidogo iliyobaki inanunua nyasi na maua ya kwenye vifuko, mwakani zinakuja pevingi, yaani matofali ya zege ya kutandika chini, mwaka unaofuata ndipo masika yanaonyesha kwamba maji yote ya paa yanakusanyika mlango wa jikoni. Hapo zinang'olewa pevingi na nyasi pamoja. Kazi ya uwanja ina mpangilio wake: maji kwanza, kisha mabomba na nyaya za chini, kisha sehemu ngumu za kutembea na kuegesha gari, kisha udongo, kisha miti, na nyasi mwisho kabisa. Ukiruka hatua moja utailipia mara mbili.

Pima kwa mpira wa maji

Jicho hudanganya sana kwenye mteremko. Tafuta mpira mwembamba unaoonyesha maji, wa mita 15 hivi, ujaze maji na uhakikishe hauna mapovu ndani, kwa sababu povu moja tu linaharibu kipimo. Weka alama ukutani mwa nyumba, mita 1 juu ya ardhi. Mtu mmoja ashike ncha pale kwenye alama, wa pili atembee na ncha nyingine hadi kwenye kigingi mwisho wa uwanja. Maji yakitulia sawasawa na alama, mwenzako achore usawa wa maji kwenye kigingi chake, halafu pimeni kutoka hapo hadi chini. Kama kule ni sentimita 105, ardhi imeshuka sentimita 5 tu. Kwa umbali wa mita 10 huo ni mteremko mdogo mno.

Mteremko unaofaa ni huu. Mita 3 za kwanza kutoka ukutani, kama ni udongo au nyasi, zishuke sentimita 5 kwa kila mita. Kama ni pevingi, sentimita 2 kwa mita zinatosha, ukizidisha sana utahisi gari limeegeshwa kilimani. Na usawa wa uwanja wowote unaogusa ukuta ubaki angalau sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani. Hili ndilo mafundi wa pevingi wanalolisahau: wanamwaga kifusi juu ya ardhi ilivyo bila kuchimba, pevingi zinapanda hadi zinafunika ile karatasi ya kuzuia unyevu kwenye msingi, na baada ya mwaka mmoja rangi ya sebuleni inaanza kubanduka kwa chini na ukuta unatoa unga wa chumvi. Mwenye nyumba anamlaumu fundi rangi.

Hesabu ya paa

Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, basi. Paa la mita 120 za mraba likipigwa na mvua ya milimita 30, mvua ya mchana mmoja tu wa Aprili, linamwaga lita 3,600. Bila gata, maji hayo yanachimba mfereji kuzunguka msingi. Ukiweka gata na kuyamwaga kona moja, umeyakusanya yote sehemu moja.

Kinachoweza kuingia kwenye tenki kiingie. Kinachobaki kipelekwe kwenye mtaro wa barabara kama upo, la sivyo chimba shimo la kunyonya maji. Shimo la mita 1.5 kwa 1.5, kina cha mita 2, ukilijaza mawe makubwa litabeba kama lita 1,800, maana mawe yenyewe yanakula zaidi ya nusu ya nafasi. Hiyo ni nusu ya paa letu, kwa hiyo unahitaji mashimo mawili, moja kila upande. Yawe mita 5 kutoka kwenye msingi, yasikaribiane na shimo la choo, na juu ya mawe utandaze kitambaa cha kuchuja au hata viroba vilivyotobolewa kabla ya kurudisha udongo, la sivyo mchanga utashuka na kuziba nafasi zote ndani ya misimu miwili.

Kabla ya kuchimba, jaribu ardhi. Chimba kishimo cha sentimita 60, kijaze maji yaishe, kijaze tena, kisha pima maji yanashuka kiasi gani kwa saa. Mchanga wa Kigamboni utayanywa wakati unatafuta saa. Yakishuka chini ya sentimita 2.5 kwa saa, huo ni udongo wa mfinyanzi na shimo lako litageuka kisima. Na sehemu za chini kama Mikocheni, ambako ukichimba kidogo unakuta maji, shimo la kunyonya halina kazi kabisa wakati wa masika, kwani limeshajaa kutoka chini. Huko ni mteremko na mtaro tu.

Uzio wa tofali nao ni bwawa kama haukuachiwa matundu. Weka bomba la inchi 4 usawa wa ardhi, upande wa chini wa kiwanja, lenye wavu wa chuma ili panya na nyoka wasilifanye mlango. Litoe maji mtaroni, si kwa jirani. Kuta zinazoanguka wakati wa masika mara nyingi zimesukumwa na udongo ulioshiba maji upande mmoja, na hakukuwa na pa kutokea.

Jua na upepo, kabla hujachagua pa kukaa

Mahali pa baraza la nje huchaguliwa kwa kuangalia palipobaki. Angalia jua badala yake. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la saa sita hupita upande wa kusini wa nyumba, na miezi iliyobaki upande wa kaskazini. Lakini usitegemee sana kivuli cha ukuta saa sita: hata mwishoni mwa Desemba ukuta wa mita 3 unatoa kivuli kisichofika mita 1. Adui wa kweli ni jua la saa tisa hadi saa kumi na mbili jioni, na linatoka magharibi mwaka mzima. Ukuta wa magharibi unalinywa joto na kulirudisha usiku chumbani. Kwa hiyo mti mkubwa wa kivuli unakaa magharibi, na baraza linakaa mashariki au kaskazini ya nyumba, ambako jioni za miezi ya joto nyumba yenyewe inakukinga.

Joto kali la Desemba hadi Machi ndilo msimu wa kaskazi, upepo unaotoka kaskazini mashariki. Ukipanda ua mnene wa michongoma pembe hiyo umejifungia feni wakati unapoihitaji. Kona hiyo iache wazi, au panda miti yenye shina refu lisilo na matawi chini, upepo upite kifuani.

Pevingi

Hapa ndipo pesa nyingi inakwenda na ndipo makosa mengi yako. Kwanza, usifunike uwanja wote. Pevingi zinapika nyumba mchana, na kila mita unayoifunika inaongeza maji ya kupeleka mahali. Njia ya kutembea upana wa mita 1.2, sehemu ya gari mita 3 kwa 5.5 kwa gari moja, na baraza la mita 3 kwa 4: hizo zinatosha familia nyingi.

Pevingi ya kawaida ya mstatili ni sentimita 20 kwa 10, kwa hiyo zinaingia 50 kwenye mita ya mraba. Unene wa sentimita 6 unabeba watu na magari madogo. Kama lori la maji litakuwa linaingia, chukua za sentimita 8. Kabla ya kununua, gonganisha mbili: zinapaswa kulia, si kutoa sauti ya udongo. Kwaruza pembe kwa msumari. Kama kuna mizani, pima. Ya sentimita 6 iliyoshindiliwa vizuri ina karibu kilo 2.7. Ukikuta kilo 2.3 ujue saruji imehesabiwa kwa kijiko na mtetemo wa mashine ulikuwa mfupi. Uliza zimetengenezwa lini pia. Zege linahitaji siku 28, na kiwanda cha mtaani hukuuzia za wiki iliyopita bila aibu.

Kwa uwanja wa mita 100 za mraba, agiza pevingi 5,250, hizo 250 ni za kuvunjika na kukatwa. Chimba sentimita 19 kwa njia ya miguu, sentimita 24 hadi 29 kwa gari. Toa udongo wote mweusi wenye mizizi, kwani huo unaoza na kubonyea. Weka kifusi au moramu sentimita 10 kwa miguu, 15 hadi 20 kwa gari, ukishindilia kwa matabaka yasiyozidi sentimita 10 kila moja huku ukinyunyiza maji. Sentimita 15 zilizoshindiliwa kwenye mita 100 ni mita 15 za ujazo, lakini kwenye tipa agiza kama 20, kwa sababu kifusi kilicholegea hupungua. Mteremko unawekwa hapa, kwenye kifusi. Fundi anayesema "tutausawazisha kwenye mchanga" anakuandalia madimbwi, kwa sababu palipo na mchanga mnene ndipo patakapobonyea.

Juu ya kifusi, mchanga safi wa sentimita 3, usioshindiliwa, unaopigwa ubao ukawa sawa. Mchanga wa mtoni wenye chembe kali ndio mzuri. Vumbi la kokoto linaonekana imara likiwa kavu, ila lina unga mwingi unaoshika maji, na gari likipita juu yake masika pevingi zinacheza. Mchanga wa bahari usiuguse, utaona ukungu mweupe wa chumvi juu ya pevingi miezi yote.

Kingo za zege zinawekwa kabla ya pevingi, zikishikwa na zege kwa nyuma. Bila kingo, pevingi zinatembea kidogo kidogo kuelekea nje, nafasi kati yake zinapanuka, mchanga unatoka, na kuanzia hapo ni suala la muda. Sehemu ya gari zipange kwa kupishana kama msuko wa ukili, si mistari iliyonyooka kuelekea geti. Mistari inasukumwa na tairi kila gari linapofunga breki. Pitisha mashine ya kushindilia, mwaga mchanga mwembamba mkavu, fagia uingie katikati, pitisha tena. Rudia kufagia mchanga baada ya wiki mbili, hatua ambayo karibu kila fundi huikwepa kwa sababu ameshalipwa.

Pevingi zinazobonyea karibu na ukuta wa nyumba mara nyingi zina sababu moja: mtaro wa msingi ulirudishiwa udongo na kifusi cha ujenzi bila kushindiliwa. Chimbua huo ukanda wa mita 1, shindilia upya, ndipo uendelee. Na kabla ya pevingi kuwekwa, laza mabomba matupu ya inchi 2 yakikatiza chini ya kila njia, yakiwa yamezibwa ncha. Siku utakapotaka maji au taa upande wa pili utayashukuru.

Udongo unaoletwa na ndago

Ardhi ya kiwanja kipya ni mabaki ya saruji, misumari na mchanga. Ondoa sehemu fundi alipokuwa akikorogea zege hadi ufike ardhi safi, maana hapo hakuna kitakachoota. Kisha unahitaji sentimita 15 za udongo mzuri mahali pa nyasi.

Tatizo ni kwamba udongo mwekundu wa tipa mara nyingi unakuja na ndago, gugu sugu linalofanana na nyasi. Ndago ina viazi vidogo vya ardhini, ukiing'oa kwa mkono unaacha viazi hivyo vinavyoota mara mbili. Hakuna nyasi itakayoishinda. Kwa hiyo kabla ya kununua tipa nzima, omba ndoo moja, iweke juani, imwagilie kila siku kwa wiki mbili, uone kinachochomoza. Ikichomoza ndago, tafuta muuzaji mwingine. Kama imeshaingia kiwanjani, chimbua kina cha sentimita 30, chekecha kwa wavu, mwagilia, subiri wiki tatu, chimbua tena zilizobaki. Ni kazi ya kuchosha, lakini ifanye kabla ya nyasi, si baada.

Samadi ya kuku ikiwa mbichi inachoma mizizi. Irundike, iloweshe, igeuze kila wiki, ikae miezi miwili hadi isiwe na joto wala harufu ya kuchoma pua. Ya ng'ombe iliyooza ni salama zaidi: toroli moja kwa kila mita 5 za mraba, ichanganywe na udongo wa juu.

Nyasi

Ukoka unataka jua siku nzima. Chini ya mti unakonda na kuacha vipara. Nyasi za Pemba, zile za jani pana, zinavumilia kivuli cha wastani na upepo wa chumvi wa baharini, hivyo pwani zinafaa zaidi kuliko watu wanavyodhani. Nyasi ya Kikuyu ni ya nyanda za juu zenye baridi. Arusha itakufurahisha, Dar itakufilisi kwa maji.

Vipando vya sentimita 10 hivi, vyenye vifundo viwili au vitatu, vipandwe kwa nafasi ya sentimita 15, kama 44 kwa mita ya mraba. Fukia vifundo, acha majani nje, kanyaga kidogo ili udongo ushike. Mwagilia asubuhi na jioni wiki mbili za kwanza, kisha punguza mara lakini ongeza kiasi, mizizi ishuke chini. Ukoka ukatwe ukiwa umebakizwa sentimita 3 hadi 4, Pemba 5 hadi 7, na usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mkupuo. Kukata hadi udongo uonekane "ili zikawie kuota" ndiko kunakowaita magugu.

Sasa hesabu ya maji, ambayo hakuna anayeifanya. Kiangazi nyasi zinataka kama lita 25 kwa mita ya mraba kwa wiki. Mita 100 ni lita 2,500, yaani tenki la lita 2,000 na ndoo nyingi juu yake, kila wiki, Januari na Februari. Kama unanunua maji ya bowza, panda nyasi mita 30 mahali watoto wanapocheza, kwingine weka matandazo, vichaka na changarawe. Kama una kisima, onja maji yake kwanza. Yakiwa na chumvi inayosikika ulimini, majani yataungua pembeni hata ukimwagilia mara tatu kwa siku. Kadiri unavyomwagilia ndivyo chumvi inavyozidi kulundikana.

Miti

Mti unapandwa kwa kuangalia ukubwa wake wa miaka 15 ijayo. Mwembe na mwarobaini, mita 6 hadi 8 kutoka kwenye nyumba. Mstafeli, mndimu, mkomamanga na mpera mita 3. Miashoki mita 1.5 kutoka kwenye uzio, ila usitarajie kivuli kwake, ni pazia tu. Mkungu una kivuli kizuri, lakini mizizi yake ya juujuu inainua pevingi na majani yake ni kazi ya ufagio isiyoisha. Fikasi, ile inayochongwa mviringo getini, inatafuta maji hadi ndani ya mabomba na chemba. Kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20 haina mahali. Mnazi usiwe juu ya gari wala juu ya watu.

Shimo la mche liwe sentimita 60 kila upande. Udongo wa juu uweke pembeni, uchanganye na debe moja au mawili ya samadi iliyooza, urudishe huo. Chana kifuko chote, na kama mizizi imejizungusha ndani, ikate kwa kisu pande tatu, la sivyo itaendelea kujizungusha na mti utaanguka ukiwa mkubwa. Shingo ya mche ibaki usawa wa ardhi, kuifukia huozesha gome. Tandaza majani makavu unene wa sentimita 5 hadi 8, yakae sentimita 10 mbali na shina. Lita 20 mara mbili kwa wiki katika kiangazi cha kwanza ni bora kuliko kikombe kila jioni.

Karibu na baraza panda vya kunusa. Asumini na kilua ni urithi wa pwani ambao bustani za kisasa zimeusahau kwa ajili ya majani ya kuchonga. Asumini inatoa harufu jua likizama, saa ile ile watu wanapotoka kukaa nje. Mrehani kandokando ya njia, mchaichai kwenye ukingo unaomomonyoka. Migomba ipelekwe kwenye maji ya kufulia, ndiyo mahali pake tangu zamani. Sahani za chini ya vyungu zitupe, au zijaze mchanga: mbu wa dengue anahitaji maji kidogo na siku chache tu, na Dar ilishaona milipuko ya ugonjwa huo mwaka 2014 na 2019.

Ratiba: kuchimba, mteremko na pevingi vifanywe Juni hadi Septemba ardhi ikiwa kavu. Mashimo ya miti yachimbwe Septemba, miche ishuke mvua za vuli zikishika. Nyasi zisubiri hadi mwishoni mwa Machi, mvua mbili tatu za masika zikishapita na umeshaona kwa macho maji yanapita wapi na yanatuama wapi, maana sentimita 2 zilizokosewa bado zinarekebishika kwa koleo kabla vipando havijaingia ardhini.